Ugwe Wangu Ni wa Asili Kabisa

3 Juni, Jumatatu

Kombe bado liko sebuleni kwangu. Juu ya kabati la vyombo. Si langu! Ni la shemeji, kaka wa mke wangu, muuza nyama. Ameshinda shindano la kurusha mshale mbali kwa upinde wa jadi miaka mitatu mfululizo, na kwa kuwa paa la nyumba yake linavuja, kombe limehamia kwangu. Mke wangu analifuta vumbi kila asubuhi. Mimi nafutwa machozi na nani?

Mwaka jana shemeji alifikisha mita mia mbili na kumi. Mimi mia na sitini na tisa. Siri yake ni ugwe, ile kamba ya upinde. Anausokota mwenyewe kwa kano za miguu ya ng'ombe, na kano hazimwishii pale buchani. Mimi fundi viatu, hata kano naomba kwake. Ananipa bila kinyongo. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Leo nashona soli ya buti. Nimevuta uzi wa nailoni kwa nguvu zote. Umenikata kidole, wenyewe haukukatika. Nimeduwaa, damu inatiririka. Uzi huu hauvutiki! Na ninao kabati zima!

Kanuni zinataka ugwe wa asili. Sawa. Utaonekana wa asili.

4 Juni, Jumanne

Nimesokota ugwe wa nailoni, nikauloweka kwenye chai ya rangi ya kukolea, nikaupaka nta ya nyuki. Mwisho mafuta ya ng'ombe, uwe na harufu. Kano tupu! Mke wangu kauliza kwa nini sufuria yake inanuka bucha. Nimemwambia ni dawa mpya ya viatu.

Nimeuanika dirishani, nikaenda kumpa mteja kiatu chake. Nimerudi, haupo! Paka wa jirani yuko juu ya ukuta, anautafuna macho kafumba.

Nimemfukuza mpaka uchochoroni. Nusu tayari imeshuka tumboni.

Hasira zilipotulia, nikafurahi. Kama paka kadanganyika, binadamu atajua nini? Nimesokota mwingine.

6 Juni, Alhamisi

Mungu wangu! Wanachoma!

Katibu wa chama chetu ni mwalimu wa kemia mstaafu. Alinifundisha, na mpaka leo ananiita Wewe wa Nyuma. Mkutanoni katangaza kwamba safari hii kila ugwe utakatwa ncha kidogo na kuwashwa kiberiti. Kano hunuka kama nywele zilizoungua, ikabaki majivu. Nailoni huyeyuka na kudondoka. Kayaeleza yote hayo ananitazama mimi. Au saa ya ukutani nyuma yangu.

Nilikuwa napiga msumari kwenye kisigino cha mama mmoja jibu liliponijia. Ncha! Anakata ncha tu!

Nimekimbilia buchani. Shemeji kanichagulia kano ndefu kuliko zote, kanisihi nisiache zilowe, kwa sababu kano ikiingia maji hulegea. Akaniambia mwaka huu ana imani na mimi. Nimejisikia vibaya kama dakika tatu hivi.

Ugwe uko tayari. Ncha zote mbili kano, katikati nailoni, maungio yamefunikwa nta nzito. Mimi ni mtu hatari.

8 Juni, Jumamosi

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine umeshika barafu kwenye paji la uso.

Asubuhi mambo yalikwenda vizuri mno. Katibu kakata ncha, kawasha, kanusa. Nywele! Akapitisha. Ilibaki kidogo nipige vigelegele.

Halafu manyunyu. Hayakukoma. Kano za watu zikaanza kulegea, moja baada ya nyingine. Mishale ikawa inaanguka karibu, kama imechoka. Shemeji mwenyewe, bingwa, mita mia na thelathini na moja! Uwanja mzima uliguna.

Zamu yangu. Nikavuta, nikaachia. Mshale ulipotea machoni. Mita mia mbili arobaini na nne!

Sikuamini. Hakuna aliyeamini. Mke wangu alipiga kelele ambazo sijazisikia tangu tuoane. Shemeji alinikumbatia, akalia kabisa, akasema hatimaye, shemeji yangu, hatimaye.

Katibu peke yake hakushangilia. Alikuja polepole na mwavuli wake. Akagusa ugwe wa shemeji kwa kidole: kimya. Akagusa wangu. Ukalia kama gitaa.

“Wewe wa Nyuma,” akasema, “mvua hii si imetunyeshea wote?”

Nikasema ndiyo, mwalimu.

“Ugwe wako ulijificha wapi?”

Akaomba akate kipande cha katikati. Hofu ikanishika. Nikachomoa kisu changu cha ngozi nikaukata mwenyewe, nipoteze ushahidi. Nilisahau jambo moja. Upinde ulikuwa bado umepindwa. Ulijinyoosha wote kwa mara moja, ukanipata hapa, katikati ya nyusi.

Nilipofumbua macho, nimelala kwenye matope, na Katibu kachutama chini ya mwavuli na kiberiti chake. Kipande cha katikati kilikuwa kinadondoka, tone, tone.

Nimefungiwa miaka miwili. Mbele ya watu wote! Shemeji aliniinua, akanifuta matope usoni. Akasema kwa sauti ndogo, “Shemeji, ungeniambia tu. Ningekupa ugwe wangu.”

Ningependa upinde unipige tena.

9 Juni, Jumapili

Mke wangu hanisemeshi. Ameniambia neno moja tu tangu jana: “Nailoni.” Kalisema akiwa anamimina uji.

Shemeji ndiye bingwa tena, kwa mita zake mia na thelathini na moja. Kaja kujitolea kuliondoa kombe, nisiumie nikiliona. Dada yake kakataa katakata. Kasema libaki, tena lisogezwe karibu na kiti changu.

12 Juni, Jumatano

Siamini! Shemeji amekwenda kuniombea kwa Katibu. Mshale sirushi, lakini mwakani nitasaidia kupima umbali, nisipotee kabisa chamani. Katibu kanikabidhi utepe wa kupimia kwa mkono wake. Kasema kila mtu anastahili mtihani wa marudio. Nimelia machozi ya kweli. Nimeapa mbele ya mke wangu kwamba nailoni na upinde havitakutana tena mikononi mwangu. Kanipakulia chakula mwenyewe. Nimekuwa mtu mpya.

Nimeukunjua utepe dukani niusafishe. Nimeshtuka. Ni wa kitambaa! Nikauvuta kidogo tu, kuujaribu.

Unavutika!

Shemeji atarusha mbali, kama kawaida yake. Lakini mbali ni wapi, mwakani atasema nani?