Nyigu Mwenye Matundu Mawili

Jumatatu, 6 Mei

Balaa! Ijumaa darasa la binti yangu linakuja kutembelea jumba letu la makumbusho. Kaniambia mwenyewe huku akirukaruka: ameshawatangazia wenzake kwamba jina la baba yake limebandikwa ukutani. Kalitoa wapi hilo? Kwangu. Mimi ndiye niliyemwambia. Na halipo! Miaka yote natunga wadudu kwenye pini, na ukutani kuna jina la Miwani tu, mwenzangu wa meza ya pili, yule anayeomba radhi hata akikohoa.

Tumaini ni moja: ramani ya nyigu mwindabuibui. Mweusi wa kung'aa buluu, mabawa rangi ya chungwa, vipapasio vimejikunja. Vidoti vya mahali alipowahi kukamatwa vyote viko ng'ambo ya mto. Upande wetu patupu. Atakayemkamata huku, jina lake linaandikwa chini ya ramani.

Jumanne, 7 Mei

Nimeshinda uani na wavu. Nikapata mmoja! Nikaingia naye mbio, natweta. Miwani akamtupia jicho, akasema kwa upole huyo ni nyigu wa udongo, kiuno kama uzi, hujaza kiota chake cha matope vibuibui vidogo vidogo. Tunayemtafuta huchukua buibui mmoja tu, bonge la buibui, akampooza, akamburuta shimoni na kumtagia yai. Nikasema nilijua, nilikuwa namjaribu tu. Kumbe Mkuu wetu kasimama mlangoni, kasikia yote. Aibu.

Jumatano, 8 Mei

Akili hizi! Stoo kuna droo nzima ya nyigu haohao, waliokamatwa zamani ng'ambo ya mto. Nikachomoa mmoja. Pini yake ina kutu. Nikaitoa, nikachoma mpya pembeni. Nikamlaza kwenye kopo lenye kitambaa kibichi mpaka miguu ikalainika. Utadhani kafa leo.

Bado mawindo. Jioni nikapanda stuli bafuni. Mke wangu akauliza natafuta nini huko juu. Nikasema nasafisha. Alishtuka kuliko kama ningemwambia ukweli. Buibui nikampata: miguu mirefu, mwili kiduchu. Atafaa.

Alhamisi, 9 Mei

Asubuhi nikamwambia Mkuu nimewafumania wawili hawa getini, mmoja akimburuta mwenzake. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili! Akasema maelezo ya ukutani atayaandika mwenyewe.

Mchana Miwani kaniita kwenye darubini. Sikuipenda ile sauti. Akaniomba nitazame kifua cha nyigu. Matundu mawili. Akauliza, kaka, nyigu aliyekufa leo, pini ya kwanza alichomwa lini? Na buibui huyu ni wa kwenye pembe za dari. Nyigu huyu anafukua yale majitu yenye manyoya yanayoishi mashimoni. Nilitamani ardhi inimeze. Akasema hatanisemea, niende mwenyewe kwa Mkuu kabla watoto hawajafika. Nikaenda. Mlangoni nikamsikia kwenye simu anamsifia mtu kwa bidii yake. Mimi huyo! Nikarudi kwa kunyata. Nitasema Jumatatu.

Ijumaa, 10 Mei

Jina langu lipo ukutani. Herufi kubwa, mpaka la babu. Binti yangu aliliona tangu mlangoni, akawavuta wenzake, akasoma kwa sauti ya kujidai: ramani haijabadilika; nyigu huyu ni wa ng'ambo ya mto, tazameni matundu mawili; buibui ni wa ndani ya nyumba; mfano huu wa udanganyifu umeandaliwa na... Na jina langu hilo!

Darasa zima kicheko. Mwalimu wao aligeukia dirishani, mabega yanamtetemeka. Mkuu anashika darubini tangu sijazaliwa; matundu kayaona mwenyewe. Sijui nilidhani nini. Binti yangu hakucheka. Akawaambia wenzake, sauti inakatika, si niliwaambia lipo? Akanishika mkono. Bora angenitukana. Nimelia stoo, peke yangu na droo zangu.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemwomba binti yangu msamaha. Amesema yamekwisha, ila Jumatatu nisimsindikize shule. Imeniuma sana. Nimeapa: uongo basi!

Ila nimelala kitandani nawaza. Kosa langu hasa lilikuwa nini? Tundu. Na tundu huzibwa! Nta kidogo, wino mweusi juu yake. Halafu kuna ramani ya mbawakawa, upande wetu patupu kabisa, na mbawakawa yule anakula mavi ya ng'ombe tu. Habari ya mawindo haipo. Jina likiwa la haki safari hii, mtoto atafurahi.

Mke wangu anauliza mishumaa imekwenda wapi.