Bastola Katika Kanisa la Kukumbatiana

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimetoka kwenye kikao cha wahudumu wa kanisa na moyo hauko mahali pake. Verlon Catlett, aliyekuwa mpeleka barua hadi alipostaafu, na ambaye maadui wake wote maishani walikuwa mbwa, sasa ndiye mkuu wa ulinzi. Ametangaza kwamba kuanzia Jumapili ya tarehe 16, atakayesimama mlango mkubwa lazima awe na bastola iliyofichwa nguoni, na shabaha yake aipime yeye Verlon. Asiye nayo ahamie kwenye maegesho ya magari, akawashikie kina mama miavuli.

Alisema hayo akinitazama mimi.

Sikatai kwamba dunia imeharibika. Hapa Oklahoma tumesikia ya makanisa mengine na tumelia. Lakini mlango ule ni wangu tangu nywele za mke wangu Nelda zikiwa nyeusi. Sikusoma sana. Kuhubiri siwezi, na nikiimba mke wangu hunigusa kwa kiwiko. Nilichopewa na Mungu ni mkono wa kusalimia. Mtu akinipa wake najua kama amelala au amekesha, kama amepatana na mwanawe au bado. Huko kwenye maegesho nitajua nini? Matairi.

Nimemwomba Bwana anionyeshe njia. Amenyamaza. Kunyamaza ni kukubali.

Jumamosi kuna maonyesho ya bunduki kwenye ukumbi wa maonyesho ya kilimo. Nimemwambia Nelda twende akale njugu za pekani zilizokaangwa kwa sukari na mdalasini. Sijamdanganya. Zipo.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Leo nimefanya mazoezi ya kuficha. Nimechomeka rimoti ya televisheni kiunoni, nikashusha shati, nikaenda kazini. Nilipeleka gesi kwa wateja asubuhi nzima na hakuna aliyeshuku. Nikajiona jasusi.

Kwa mjane mmoja mwenye kuku wengi niliinama kufunga mpira wa gesi kwenye tangi. Rimoti ikateleza ndani ya suruali, ikapita gotini, ikatokea juu ya kiatu. Mama wa watu akaiokota, akanipa, akasema kila mtu ana shida zake.

Nelda ameitafuta rimoti jioni nzima, hata kwenye friji. Kipindi chake kimempita. Akauliza, mbona kama nimeikalia. Nikasema anitazame vizuri, je, ninaonekana kama mtu aliyeficha kitu? Akasema, Doyle Scroggins, tangu unioe huonekani vingine.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Ukumbi ulinukia mafuta ya bunduki na mdalasini. Mlangoni polisi alimwuliza kila mtu kama ana silaha, ili aitoe risasi na kuifunga kwa kamba ya plastiki. Aliyekuwa mbele yangu alipandisha fulana akatoa mbili. Mimi nikasema sina. Nilijisikia kama mtu aliyekwenda arusini bila zawadi.

Muuzaji wa kwanza aliniuliza nataka ipi, nikasema ya kuficha. Akacheka, akasema hapa wote tunaficha, ndiyo maana unaziona mezani.

Nikafika kwa mama mmoja mnene aitwaye Trudy. Yeye hakuuliza nataka ipi. Aliuliza navaa nini, nakaa au nasimama, na nitakuwa nayo wapi. Nikasema kanisani, mlangoni. Akauliza kama kanisa letu ni la kupeana mkono au la kukumbatiana. Nikasema la kukumbatiana, tena sana. Akashusha miwani. Akasema basi, kaka yangu, kazi unayo, maana shati linaficha macho tu, mikono ya watu haifichwi kitu.

Akanishika kiganja kama fundi viatu anavyoshika mguu. Alisema bastola usiipendee mezani. Ile isiyobebeka utaichoka na kuiacha kabatini, na ya kabatini haimlindi mtu mlangoni. Akanipa moja nyembamba, tupu, niikoki mdomo ukiwa umeelekea chini. Vidole vyangu vimevuta mipira ya gesi miaka mingi, vifundo vimevimba kama tangawizi. Chuma hakikuja. Nelda akajifuta sukari kwenye sketi, akaichukua, akaikoki kama anafungua chupa ya jemu. Akarudi kwenye njugu zake.

Trudy hakucheka. Akatoa nyingine fupi, ya lile gurudumu la risasi linalozunguka, isiyohitaji kukokiwa. Niliifumbata ikatulia. Nakiri hapa peke yangu: ilikuwa ndiyo yenyewe.

Hapo ndipo nikasikia sauti ya Verlon nyuma yangu, anatafuna nyama kavu. Akasema, loo, Ndugu Doyle, umechagua vizuri, mama mkwe wangu anayo hiyohiyo, huiweka mkobani pamoja na vidonge vyake vya presha. Watu wa meza tatu wakageuka.

Niliirudisha. Nikaenda meza ya jirani nikanunua ya chuma kitupu, kubwa kama pasi. Ile niliweza kuikoki, maana ina pa kushika. Muuzaji akapiga simu serikalini kuuliza habari zangu, wakamwambia mimi ni mtu safi. Verlon akatikisa kichwa kwa heshima. Trudy alitikisa pia, ila wake ulikuwa mtikiso mwingine.

Njiani Nelda alitafuna njugu mpaka zikaisha. Kisha akauliza ninaogopa nini. Nikasema siogopi. Akasema hakuuliza kama ninaogopa, ameuliza ninaogopa nini.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Serikali imesogeza saa mbele na kutuibia saa moja ya usingizi kama kila Machi, na watu waliingia kanisani wakipepesa macho. Nilivaa bastola kwa kuizoea. Bila risasi, maana sijapimwa na mimi si mwendawazimu. Ili isichoreke shatini nilivaa koti la baridi. Nje jua lilikuwa linawaka na maua ya miti yameshatoka. Mzee Hollis akaniuliza kama nina homa.

Uzito uko upande wa kulia. Ukanda nimeukaza hadi tundu la mwisho, na bado kwenye wimbo wa pili suruali ilianza kushuka na ubeti. Nikaimba nikiwa nimeshika kiuno. Nelda alidhani ni Roho.

Lakini kuna jambo la Dada Opal Rae, na siwezi kulicheka. Alimzika mumewe Januari. Kila Jumapili huja kwangu, huniegemea kifuani kitambo, kisha huingia. Aliwahi kumwambia Nelda kwamba wiki nzima ni hapo tu anaposhikwa na mtu. Leo alikuja mikono wazi. Nikaikumbuka pasi iliyo kiunoni. Nikageuka ubavu, nikampa kiwiko na tabasamu.

Akasimama kidogo. Akasema, Bwana asifiwe, Ndugu Doyle, kama anasema na mtu wa benki. Aliingia huku amejishika bega mwenyewe.

Nitamfidia nikishapata mlango kwa haki.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimepimwa shambani kwa Verlon. Alisimamisha sahani za karatasi kwenye robota la nyasi. Ng'ombe wake walitazama kwanza, kisha wakaenda zao. Risasi ya kwanza sijui ilikokwenda. Mungu anajua, na kilima kiliipokea. Baadaye nikapumua, nikaacha kumfikiria Verlon, na sahani zikaanza kutoboka. Bunduki nzito haitikisi mkono. Nimefaulu. Verlon alihesabu matundu mara mbili akitumaini yatapungua.

Tukavua kofia, tukaomba. Kisha akanisomea masharti ya mlango. Mkono wa kulia uwe mtupu wakati wote. Kupeana mkono hakuna. Kukumbatia hakuna kabisa, mtu asije akaigusa silaha. Macho yatazame mikono ya waingiao, yasitazame nyuso. Na nani amebeba silaha ni siri ya kiapo.

Nikauliza, sasa nitasalimia na nini? Akasema kwa kichwa. Mjusi naye husalimia kwa kichwa, nikamwambia. Akasema mjusi hajawahi kuvamiwa.

Nimekubali. Mlango ni mlango.

Jumapili, tarehe 16 Machi



Nilisimama pale nilipopigania. Watu wakaja, nikatikisa kichwa. Mikono ikanyooshwa, ikabaki hewani, ikarudi mifukoni. Nilitazama mikono yao kama nilivyoagizwa, na sikujua habari ya mtu yeyote. Mwanamume mmoja aliingia mwenye viganja vilivyokunjana. Zamani ningevishika nijue kuna nini. Leo niliona tu kwamba havina silaha.

Huko nje mhudumu mwenzangu Ferrell, asiyeweza hata kushika nyundo vizuri, alikuwa maegeshoni na mwavuli wake, na kila anayeshuka garini anamwangukia shingoni. Nilimwonea wivu nikamwomba Mungu anisamehe, nikaendelea kumwonea.

Opal Rae hakupita kwangu. Nilimwona akizungukia mlango wa jikoni, kichwa chini, kama mtu anayedaiwa. Wimbo wa kwanza ulikuwa haujaanza alipotoka tena, akaja mpaka nilipo. Akaniuliza polepole amenikosea nini. Kama amekuwa mzigo, alisema, ataelewa. Watu huwachoka wajane, huwa wanasubiri wapone.

Verlon alikuwa karibu akinikodolea. Siri ya silaha ni siri, tumeapa. Basi nikamkumbatia. Kwa mikono yote miwili, barabara, jinsi marehemu mumewe Wendell angetaka afanyiwe.

Akatulia. Kisha mkono wake ukaikuta ile pasi. Akaigonga kwa kucha. Akaniinulia uso wenye machozi akasema, kumbe ni hili dubwana tu, Doyle? Na mimi wiki nzima nimekuwa nikidhani umenichoka. Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Januari. Kicheko kilijaa ukumbi wa mbele, kikaingia kanisani, na mchungaji akasimama na Biblia yake akingoja kiishe. Mtoto akauliza kwa sauti dubwana gani, naye Opal akaeleza.

Sasa kanisa zima linajua nilichoficha, ni kikubwa kiasi gani, na kiko upande upi.

Verlon alininyang'anya mlango kabla ya mahubiri. Hakugomba. Akanipa mwavuli.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Leo nimefikiri sana nikiwa kwenye lori. Nelda alisema asubuhi, akigeuza mayai, kwamba Bwana amenijibu wazi kuliko alivyomjibu Gideoni alipoomba ishara. Maegeshoni, alisema, nitawafikia watu kabla ya mlango wenyewe, na mikono yote miwili ni yangu. Niuze dubwana hilo. Opal Rae amepiga simu kusema Jumapili ataegesha upande wangu.

Maneno ya Nelda yalinigusa. Nilikaribia kulia juu ya mayai. Nikaona kweli kwamba nilikuwa nimekwenda maonyesho kutafuta kitu ambacho hakiuzwi mezani.

Ila mchana, nikisubiri tangi moja lijae, nikapata mwanga zaidi. Kosa halikuwa bastola. Kosa lilikuwa kiuno. Watu hukumbatia kiuno, mgongo, shingo. Hakuna binadamu anayekumbatia kifundo cha mguu. Tarehe 12 Aprili kuna maonyesho mengine wilaya ya jirani, na nimesikia ziko ndogo kama pakiti ya karata, zenye mkanda wa kufunga juu kidogo ya soksi. Nitawakumbatia wote nitakavyo, na Verlon hatakuwa na la kusema. Nelda sijamwambia. Nimemwambia kuna njugu.

Na wakati ni mzuri. Alhamisi inayofuata maonyesho hayo ndiyo ibada yetu ya kuoshana miguu kabla ya Pasaka, kanisa litajaa hadi nje, na mchungaji ameniomba nikae kiti cha mbele kabisa. Nitahakikisha nimeivaa.