Kibali cha Upepo

Wananchi wote walitangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu ile, upepo wowote utakaoingia ndani ya tairi la gari katikati ya jiji ni mali ya umma, na utagawiwa kwa kibali. Tangazo hilo nililiandika mimi, Wilbert, Katibu wa Kamati ya Ugavi wa Upepo, na mpaka leo sioni neno la kupunguza.

Kamati yetu ilizaliwa na tairi la nyuma la gari la Ndugu Anaeli, mkuu wa idara yetu. Kila Jumatatu asubuhi tairi hilo lilikutwa limelala chini kama chapati. Wataalamu walilifungua wakalizamisha kwenye karai la maji, halikutoa povu. Walipaka mate pale upepo unapoingilia, mate yakatulia. Msumari hakuna, kipande cha chupa hakuna. Ndugu Anaeli mwenyewe alilipima kwa geji ya idara, kipimo cha upepo wa matairi, ambayo ilikuwa moja tu, zawadi ya wafadhili, ndani ya kiboksi chenye kitambaa chekundu. Ikabaki sababu moja ya kisayansi: upepo ulikuwa unaibwa.

"Na huyo mwizi anaupeleka wapi?" niliuliza kikaoni.

"Wapi tena, Ndugu Wilbert? Kariakoo!" alijibu Ndugu Anaeli.

Tuliona aibu kwa kutolifikiria. Kariakoo ndiko ilikopotelea sukari, khanga na sabuni. Upepo una nini hata ubaki nyuma? Hapo hapo kamati ikaundwa, Ndugu Anaeli akawa Mwenyekiti.

Tulifungua kituo Mnazi Mmoja. Utaratibu ulikuwa mwepesi: tairi linapimwa kwa geji, Mwenyekiti anatafakari, kisha anatia sahihi. Bila sahihi yake, hakuna kujaza. Madereva nao wakafanya kama wafanyavyo watu wa mji huu kwenye foleni ya unga, ambako mtu huacha tofali au kikapu mahali pake akaenda zake. Waliyapandisha magari juu ya mawe, wakafungua matairi, wakayapanga mstari. Foleni ya matairi ilitoka Mnazi Mmoja ikaingia Mtaa wa Uhuru, na hakuna aliyeipita bila kuuliza.

"Leo kumetoka nini, mwanangu?" Bi Mwanamkuu, muuza vitumbua wa Mtaa wa Swahili, aliniuliza huku ametega kikapu.

"Shikamoo, mama. Upepo."

"Marahaba. Basi ukiona serikali inaugawa, ujue unakwisha huo. Mimi niandikie wa watu saba."

Jioni ile ile walanguzi walikuwa wakiuza upepo kwa kificho, umefungwa ndani ya mipira ya baiskeli. Nililiripoti jambo hilo kama mafanikio, kwani sasa hakuna ambaye angeweza kubisha kwamba upepo ni adimu.

Mshukiwa tulimpata siku ya pili. Aliitwa Mwinyimvua, dereva wa teksi kutoka Magomeni, na matairi yake yote manne yalikuwa magumu kama jiwe.

"La Mwenyekiti linalala, ya kwako yamesimama," nilimwambia. "Unalielezaje hilo?"

"Mie najaza kwa pampu ya mguu, kaka. Nikishajaza, siyagusi tena."

"Huyapimi?"

"Niyapime ya nini, na gari linaenda?"

Tuliandika kwamba mshukiwa amekiri kutopima. Matairi yake tukayafungia ofisini kwangu, hadi Mwenyekiti atakapotia sahihi yatoke.

Ule ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, mgambo wakipita mitaani kukusanya wazururaji. Asiye na kazi ya kueleweka alipandishwa lori akapelekwa kijijini kulima. Mwinyimvua alikuja mlangoni pa ofisi yangu, kofia mkononi.

"Kaka Wilbert, teksi isiyo na matairi si kazi. Wakinishika niseme nafanya nini? Nina mke, nina watoto, na mama yangu haoni. Nikipelekwa Rufiji watakula kwa nani?"

Nilimwonea huruma kwa mujibu wa kanuni. Nikamwambia asubiri Jumatatu, mwizi akishakamatwa.

Jumapili nilikwenda nyumbani kwa Mwenyekiti, Upanga, kulilinda tairi. Kama ijulikanavyo, Jumapili baada ya saa nane mchana magari yalikatazwa barabarani, kwa hiyo gari lilikuwa limetulia uani na Mwenyekiti alikuwa na alasiri nzima ya kukaa na geji yake. Walikuja wageni waliotoka naye kanisani.

"Njooni muone chombo!" aliwaambia, akakichomeka. Pssss. "Ishirini na nane!"

Wakapiga makofi. Shemeji yake hakuwa ameona vizuri, ikabidi arudie. Pssss. Ishirini na saba. Wakaja majirani. Pssss. Ishirini na sita.

"Mnaona?" Mwenyekiti alinong'ona, jasho likimtoka. "Anaiba mbele ya macho yetu! Katibu, tuongeze vipimo."

"Baba Klara," mkewe aliuliza, "mbona kila ukichomeka hicho kidude linalia pssss?"

"Hiyo ni sauti ya sayansi, mama. Lete chai."

Tulipima mpaka jua likazama na geji ikasoma sufuri, na mwizi hatukumwona hata kivuli. Nilikubali kwamba tunapambana na mtu hodari.

Jumatatu, gari likiwa limelala, Mwenyekiti alikuja kituoni kwa miguu. Kwa joto, koti aliliacha garini na kitambulisho ndani yake. Alipofika kwenye foleni alichoka, akaketi juu ya tairi moja apumzike. Mgambo wakamkuta hapo.

"Mzee, kitambulisho."

"Kimo kwenye koti. Koti limo garini."

"Gari liko wapi?"

"Nyumbani. Halina upepo."

"Unafanya kazi gani?"

"Nagawa upepo."

Mgambo alimtazama mwenzake. "Unagawa nini?"

"Upepo! Mimi ni Mwenyekiti!"

"Haya, mwenyekiti, panda lori."

Nilifika mbio nikathibitisha kwamba asemayo ni kweli tupu, na bila sahihi yake mji mzima hauna upepo. Mgambo akanigeukia. "Kumbe na wewe mnagawa pamoja?" Nikakumbuka kwamba kitaaluma mimi ni karani tu. Nilitoa kitambulisho, nikasema nilikuwa napita.

Lori lilipoondoka nilitafuta gari la kulifuata. Yote yalikuwa juu ya mawe. Mwinyimvua alikuwa mlangoni pa ofisi yangu, amejibanza akiwaogopa mgambo.

"Mfuate Mwenyekiti, ndugu yangu! Wanampeleka Rufiji!"

"Kwa matairi yapi? Si uliniambia mpaka sahihi?"

"Mwenye sahihi yuko kwenye lori!"

"Basi fungua mlango, kaka."

Nikafungua. Alifunga matairi yake, akanishukuru, akawasha gari, akakata kona ya kwenda Kariakoo kutafuta abiria. Rufiji haiko upande huo. Kufika mchana kila dereva alikuwa amebeba tairi lake, na pampu za miguu zikasikika mtaa mzima.

Mwenyekiti alipelekwa na geji mfukoni. Habari zilizonifikia ni kwamba Jumatatu iliyofuata trekta la kijiji lilikutwa limelala upande mmoja. Wanakijiji hawakuunda kamati. Walimnyang'anya geji, wakampa jembe, na tairi halijalala tena. Nimeuandikia uongozi wa juu kuomba uchunguzi, kwani sababu ya kisayansi bado haijapatikana.