Klachi ya Farasi Elfu na Jicho la Mama Mkwe

Jumamosi, 3 Machi
Klachi imekufa. Nimekanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari likabaki palepale na harufu ya kuungua. Mke wangu ameuliza swali moja tu: Alhamisi mama atafikaje hospitali? Jicho la kushoto la mama mkwe lina mtoto wa jicho, na zamu ya upasuaji ameingoja miezi minane. Asiyefika saa mbili asubuhi anarudishwa mwisho wa orodha. Shemeji, kaka yake mke wangu, amejitolea kumpeleka kwa kile kigari chake cha kubebea mayai. Thubutu! Mama mkwe atapanda gari la mkwewe.

Jumatatu, 5 Machi
Gereji. Fundi ameshauri diski mbili za klachi, maana diski moja haiiwezi injini niliyoiwekea turbo ya kuiongezea nguvu. Mbili zinagawana mzigo. Safi. Ila ziko za aina mbili: za mjini, zenye springi, zinashika taratibu, na za mashindano, chuma kitupu, ama zinashika kwa nguvu zote ama hazishiki kabisa. Akauliza gari lina nguvu za farasi wangapi na linatembea wapi.

Ukweli: mia nne, nyumbani hadi kazini. Lakini shemeji alikuwa amekalia tairi pale pale, anangoja kuzibiwa pancha, masikio wazi. Nikasema elfu moja na mia mbili. Mashindano. Fundi alinitazama juu ya miwani, akaandika. Shemeji akakohoa. Nikatia chumvi zaidi: nikasema springi ni za kitanda.

Jumatano, 7 Machi
Imefungwa. Jamani! Pedali nzito, inataka mguu wa mtu mwingine. Ukiachia kidogo, hakuna kitu. Ukiongeza unywele, gari linaruka kama mbuzi. Limezimika mara tisa kutoka gereji hadi nyumbani. Fundi alikuwa amesema anaweza kuzitoa leo leo aweke za mjini, kazi ya mchana mmoja. Nikamjibu nimeshazizoea. Mke wangu ameona nachechemea, akauliza nimeumia wapi. Nimesema ni mazoezi.

Alhamisi, 8 Machi
Tumetoka saa kumi na mbili na nusu, mimi na mama mkwe, yeye mbele na mkoba mapajani. Mpaka mzunguko wa kwanza wa barabarani mambo shwari. Kisha foleni, tena kwenye kilima. Nikaruka, nikazima. Nikaruka, nikazima. Honi nyuma yangu. Mguu wa kushoto ukaanza kutetemeka wenyewe. Mama mkwe alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Nikamweleza, ili kumtuliza, kwamba diski hizi zinahimili farasi elfu moja na mia mbili.

"Mwanangu," akasema, "mimi nataka mmoja tu anayekwenda."

Saa mbili kasoro robo akafungua mlango, akashuka, akashika njia kwa miguu, huku anapapasa ukingo wa barabara. Hapo niliogopa kweli. Na aibu, sifichi. Mara kigari cha mayai kikanipita kwa pembeni, kikampakia. Kumbe mke wangu alimwomba kaka yake atufuate kwa nyuma tangu nyumbani. Tangu nyumbani! Wamefika zikiwa zimebaki dakika tatu.

Jumamosi, 10 Machi
Bandeji imetolewa, mama mkwe anaona. Amenitazama muda mrefu, akasema kumbe ndivyo nilivyo. Hakufafanua. Jicho la pili ni Alhamisi ijayo. Mke wangu, bila kupandisha sauti, amesema niweke diski za mjini, la sivyo siku hiyo nisiguse usukani. Nimekubali. Mtu mzima hukubali kosa.

Jumatatu, 12 Machi
Gereji. Fundi alishusha gia boksi, akaweka diski zangu mezani, akaenda kuchukua za mjini. Mteja mmoja, simjui hata kwa sura, akasimama kuzitazama. Akaiinua moja, akaigeuza, akauliza kwa heshima kabisa ni za gari gani. Nikamwonyesha langu. Akauliza lina farasi wangapi. Fundi, diski za mjini mkononi, akasimama kusikiliza.

Elfu moja na mia tano.

Zimerudishwa zilezile. Mteja amesaidia kukaza boliti. Alhamisi mama mkwe atapanda kigari cha mayai. Nimemhakikishia mke wangu kwamba nitawafuata kwa nyuma, wasije wakakwama.