Dipoziti ya Chumba Cheupe

Mlango uliachwa wazi ili rangi ikauke, na fundi rangi alikuwa amekwenda kula. Sukari, ambaye jina lake halisi hata mamake mzazi alikuwa ameanza kulisahau, alichungulia akaona chumba cheupe kisicho na mtu. Mikono mfukoni humfanya mtu yeyote aonekane mwenye nyumba, basi akaingia, akaitia yake, akasubiri.

Hakusubiri sana. Alipita msusi wa mtaa huo, ambaye kesho yake alitakiwa awe ametoka alikopanga.

"Kaka, hiki kinapangishwa?"

"Kwa mtu wa maana tu, dada. Kodi utalipa baadaye. Leo natoza dipoziti."

"Dipoziti ndiyo nini?"

Sukari akakohoa kiualimu. "Kiingereza hicho. Ni pesa ya kushikia chumba. Inakaa kwa mwenye mali, ukihama bila kuharibu kitu unarudishiwa yote. Kuna watu wanaichanganya na kodi, lakini wewe naona mwelewa."

Msusi akafungua pochi akatoa pesa yote aliyopata kwa kusuka vichwa vya watu tangu mwaka uanze, kisha akakimbia kufunga virago. Kusema kweli, roho inaniuma kulisimulia hili. Ya Sukari haikuuma hata kidogo.

Mwenye akili angetokomea hapo hapo. Tamaa ikambakiza. Mara akaingia mama mmoja mwenye miwani, akihema kwa kupanda ngazi, akagusa ukuta kwa kidole.

"Shikamoo, mama. Chumba kimeshachukuliwa, ila ukiongeza kidogo tutaelewana."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nimepumzika hapo kwenye ngazi, nimekusikia. Una maneno wewe! Mimi nina ghorofa nyuma ya soko, vyumba vitupu, natafuta dalali. Kila mpangaji utakayeleta, kodi yake ya mwezi wa kwanza ni yako."

Sukari akameza mate.

"Ila nisiyemjua simkabidhi funguo," mama akaendelea. "Lazima na yeye aniwekee kile kitu ulichosema."

"Dipoziti, mama."

"Hiyo hiyo. Si anarudishiwa?"

Angekataa vipi, na mwalimu ni yeye? Akatoa pesa za msusi. Mama akatikisa kichwa: ghorofa zima, mwanangu! Sukari akavua kiatu, akaongeza na akiba ya kwenye soksi.

Ndipo fundi rangi akarudi, bonge la mtu, fimbo ya brashi begani. "Karibu, mama mwenye nyumba! Chumba chako umekipenda?"

Sukari akautazama mlango. Fundi alikuwa ameujaza wote, na nyuma yake msusi alisimama na godoro kichwani.

"Ingia, binti," mama akasema. "Kaka yako huyu ameniwekea dipoziti yako, na kodi ya mwezi wa kwanza amekulipia kwa hiari yake. Sasa anakwenda kukubebea kabati."

Machozi yakamlengalenga msusi. Akamshika Sukari mikono yote miwili.

"Kaka yangu, Mungu akuzidishie!"

Fundi akaigonga fimbo sakafuni, taratibu.

"Amina," akasema Sukari, akashuka kulifuata kabati.