Wino Mwekundu wa Mke wa Kalamu

Siku Bwana Kalamu alipoamua kuziangamiza kampuni zote za uchapishaji duniani, alikuwa bado amevaa nguo za kulalia.

Kazini alikuwa karani wa stoo ya hospitali, mtu wa bandeji na glavu. Moyoni alikuwa mwanariwaya! Mswada wake ulikuwa na kurasa mia saba. Mpelelezi wake alianza kumsaka muuaji kwenye ukurasa wa mia mbili na kumi. Kabla ya hapo alikuwa anaamka.

Mhariri wa kampuni ya vitabu alikaa na mswada huo miezi minane, kisha akajibu kwa sentensi moja: "Kata kurasa mia nne, tutauchapisha."

"Mia nne!" Kalamu alinguruma hadi sufuria zikatetemeka. "Huyu mhariri au mpasua mbao?"

Mkewe, mwalimu aliyesahihisha mitihani kwa miaka ishirini, hakuinua hata kichwa. "Kata, mume wangu. Mimi ukurasa wa kwanza umenilaza mara mbili."

"Kwani umeusoma?"

"Si uliniomba nisahihishe? Nimemaliza. Faili liko kwenye kompyuta yako."

Kalamu hakulitafuta. Tangu lini tembo akasahihishwa na sisimizi? Akamwandikia mhariri: "Kitabu nitakitoa mwenyewe mtandaoni, bila kupunguza hata nukta. Wasomaji ndio waamuzi. Wakikikataa, sitaandika tena maishani." Nakala akawatumia mganga mkuu, mfamasia na dereva wa gari la wagonjwa. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Jumamosi asubuhi akaketi mbele ya kompyuta. Mafaili yalikuwa manne: "Mwisho", "Mwisho Kabisa", "Mwisho wa Mwisho" na "Mwisho Haki ya Mungu". Akachagua hilo la nne, maana mtu haapi bure. Jalada alilichora mwenyewe: bastola iliyofanana na pasi. Akabonyeza. Kwisha!

Wiki ya kwanza alipata wasomaji wawili: yeye, aliyefungua jalada tu, na yeye tena kwa simu ya mkewe. Usingizi ukamruka. Wiki ya pili, arobaini. Ya tatu, elfu nne!

Basi, nani angemshika? Akawa anatembea stoo mikono nyuma, kama rais anayekagua gwaride la bandeji.

"Mkubwa!" mfamasia alimdaka mlangoni. "Kitabu chako kimenichekesha mpaka mbavu zinauma!"

"Kukuchekesha? Ile ni riwaya ya mauaji."

"Hiyo hiyo! Hasa yule mwanamke."

"Yule mjane?"

"Mjane wapi! Yule anayegombana na hadithi!"

Kalamu akaegemea maboksi ya glavu na kukifungua kitabu chake kwenye simu. Ukurasa wa tatu alikuwa ameandika: "Mvua ilinyesha kama machozi ya mbingu iliyofiwa na jua." Pembeni, kwa rangi nyekundu: "Ilinyesha tu. Endelea."

Ukurasa wa tisini: "Huyu ulishamzika. Chai anakunywaje?"

Ukurasa wa mia mbili na kumi: "Alhamdulillahi, ameamka! Nilidhani muuaji atakufa kwa uzee."

Ukurasa wa mia tatu, mpelelezi akimbembeleza mjane kwa maneno ya asali: "Mimi hujawahi kuniambia haya hata kwa bahati mbaya."

Alifika nyumbani anahema. "Umenimaliza!"

"Nani aliyebonyeza?" mkewe aliuliza, kalamu nyekundu mkononi.

"Faili liliitwa Mwisho Haki ya Mungu!"

"Nililiita mimi hivyo, uache kuniuliza kila saa kama nimemaliza."

Simu ikaita. Mhariri! Kalamu akaweka sauti kubwa, mkewe asikie mwenyewe.

"Bwana Kalamu, nakiri nimeshindwa. Wasomaji wameamua. Tunakichapisha, na hatukati hata nukta."

Kalamu akaruka juu ya kiti. "Nilisema! Sikusema? Kurasa mia saba, nzima nzima!"

"Nzima kabisa. Tutabadilisha mpangilio tu. Maneno ya mama yatakaa katikati, herufi kubwa. Ya kwako tutayashusha chini ya ukurasa, yawe tanbihi."

Kalamu akajibwaga, kiti kikalia kwikwi. Mwalimu akainama kwenye simu, akaondoa kifuniko cha kalamu yake.

"Tanbihi za kurasa mia saba, ndugu Mhariri? Ndefu mno hizo. Kata mia nne."