Steki ya Baba Mkwe

Jumanne, 11 Novemba

Baba mkwe anakuja kula kwangu Jumamosi. Hatimaye!

Kipaimara cha mjukuu wake Irine kimekaribia, na katika ukoo wa Sumari ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa anayewekwa majani mdomoni, haachiwi fundi wa kukodi. Anachomwa na mkwe mmoja, aliyechaguliwa na mzee mwenyewe, mbele ya ukoo mzima kule Nkoaranga. Mwaka huu tumebaki wawili: mimi, na Elisaria, mume wa dada yake mke wangu. Mzee Yona anapita kwa kila mmoja kuonja nyama yake. Kwa Elisaria alipita wiki iliyopita. Nasikia alikula mbavu za mbuzi mpaka akalegeza mkanda. Aliyenipigia simu kunieleza habari za huo mkanda ni Elisaria mwenyewe.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu. Ndafu wala simtaki sana. Nataka mzee aniite jina langu. Tangu nimwoe Catherine hajawahi kulitamka. Naitwa Sifaeli, jina jepesi, halimshindi mtu. Lakini kwa kuwa nina duka la steshenari pale Makumira, yeye ananiita "huyu wa fotokopi". Hata kwenye msiba wa shangazi alinitambulisha hivyo kwa mchungaji. Iliniuma. Bado inaniuma.

Tatizo: sijui kuchoma nyama. Pasaka nilichoma paja la mbuzi. Nje mkaa, ndani damu. Mbwa wa jirani alilinusa akaenda zake.

Leo nimetupa macho juu ya friji, nikaiona air fryer ya Catherine. Zawadi ya wenzake wa kikoba. Huwa anapikia sambusa. Hewa ya moto inazunguka humo ndani, hakuna moshi, hakuna macho kuwasha. Unabonyeza, unasubiri. Ni fotokopi tu ya chakula! Mashine nazijua mimi.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefunga duka mapema, nikaenda bucha la Saadi, Maji ya Chai. Nikaomba steki. Saadi akauliza ni ya nini, maana siku zote mimi ni mtu wa utumbo. Nikasema ni ya ugeni mkubwa. Akanikatia vipande vinene, vizuri, hata mfupa mmoja hamna. Akanishauri nisiipike sana, na ikiiva niiache ipumzike kwanza. Nikamwambia asinifundishe.

Nikaipika sana.

Nilizungusha swichi ya moto mpaka mwisho, kwa hesabu kwamba moto mkali ni heshima. Ilitoka soli ya kiatu. Catherine alitafuna kipande kimoja muda mrefu, akitazama dirishani. Mwishowe akakitoa kistaarabu kwenye tishu.

Akaniuliza kwa nini nisimwambie baba yake wazi kwamba nitatumia mashine. Nikamweleza mambo ya wanaume. Mkwe anachoma kwenye moto, uani, amekunja mikono ya shati. Haingii jikoni kuhangaika na kidude cha sambusa! Elisaria akijua atanisimulia mpaka kwenye kwaya. Catherine akasema haya, akaenda kuanua nguo.

Alhamisi, 13 Novemba

Imekubali! Imekubali!

Nimeipaka chumvi, kitunguu saumu, tangawizi na mafuta kidogo. Moto wa wastani. Katikati nikaigeuza. Nikaitoa, nikaiacha ipumzike kwenye sahani kabla ya kuikata, kama Saadi alivyosema (simwambii). Laini! Yenye maji yake! Mzee magego yamebaki machache, mbavu za Elisaria lazima zilimtesa, mkanda au hakuna mkanda. Catherine alikula kipande chote, akalamba vidole. Nilitaka kulia.

Kasoro moja: hainuki moshi. Nyama isiyonuka moshi, mzee atajua haikuuona moto. Nimefikiria dukani kutwa nzima na nimepata dawa. Nitawasha moto wa geresha. Jiko la mkaa uani, linafuka vizuri, nadondoshea mafuta ya nyama harufu isambae. Wageni wanakaa sebuleni na soda zao. Steki inaiva jikoni. Natoka nayo kupitia mlango wa nyuma, nazunguka nyumba, naingia kwa mbele nikiwa na mkaa usoni. Nani atajua?

Mchana Elisaria alikuja dukani kuchapa ratiba ya kipaimara. Nikaisoma wakati inatoka. Ameshajiandika: "Ndafu: Elisaria." Akasema ni ya awali tu, nisijali, na kama nitahitaji mtu wa kunifundisha kuwasha mkaa nimwambie. Nikamchapia kwa ule wino unaokaribia kuisha.

Ijumaa, 14 Novemba

Mazoezi. Nimewasha moto wa geresha, nimefukiza shati la kazi. Shati limeungua mfuko. Nimeona si vibaya, linaonekana la mchomaji mzoefu.

Nimempanga Catherine kusema, akiulizwa, kwamba nimeshinda kwenye moto tangu asubuhi. Amekataa. Yeye hamdanganyi baba yake. Akiulizwa atanyamaza, basi. Nimemwambia kunyamaza kunatosha. Ameniangalia vile anavyoniangalia.

Nimeombea umeme. Nimeombea kwa kutaja na nguzo.

Jumamosi, 15 Novemba

Siku ya leo. Sijui nianzie wapi.

Mzee alifika na Elisaria. Nikampa shikamoo, akaitika, akanusa hewa, akaona moshi uani. Nikamwelekeza sebuleni. Kochi limefuliwa, soda iko mezani. Akapita sebuleni kama anapita stendi, akachukua kigoda jikoni, akatoka uani, akakaa mbele ya moto wangu wa geresha!

Nilisahau. Mimi, niliyezaliwa mlimani huku huku, nilisahau! Mzee hakai sebuleni wakati moto unawaka. Anakaa kwenye moto. Anatazama nyama ikigeuzwa, na kipande cha kwanza cha kuonja anakatiwa yeye pale pale. Moto niliouwasha kumzuga ndio umemwita.

Na juu ya wavu palikuwa na kipande cha mafuta. Kimoja.

Mzee akakitazama. Elisaria akainama, naye akakitazama. Mzee akauliza nyama iko wapi. Nikasema inapumzika. Akauliza inapumzika kutokana na nini, wakati haijafanya kazi. Nikakimbilia jikoni, nikarudi na steki moja iliyoiva, nimeifunika kwa pindo la aproni ya Catherine niliyovaa. Nikaitupia kwenye wavu haraka, moshi ukiwa mzito. Moshi ukaondoka. Mzee akasema hajapata kuona nyama inafika motoni imeshaiva.

Nikaanza kumweleza kuhusu jua kali la siku hizi. Hapo hapo mvua ikashuka. Mvua ya mlima, haikupiga hodi. Mkaa ukalia chwaa, wavu ukageuka bwawa, tukakimbilia barazani. Elisaria akanipa pole huku meno yote yako nje. Akasema haya ndiyo mambo ya kuchoma, hata yeye zamani yalimshinda.

Halafu jikoni mashine ikalia, ting.

Harufu ikaja mpaka barazani. Mzee akageuza kichwa taratibu. Sikuwa na la kufanya, nikaileta sahani. Akakata kipande, akatafuna. Akakata kingine. Elisaria aliacha kutabasamu alipofika kipande chake cha tatu. Mzee akafuta mdomo, akaweka kisu chini, akanitazama usoni.

"Sifaeli," alisema, "nyama hii umeipika wewe?"

Sifaeli! Amesema Sifaeli! Masikio yalivuma. Nilikuwa natakiwa kujibu neno moja tu. Lakini nikamwona Elisaria anachungulia jikoni, ameiona mashine, anatabasamu upya. Akauliza kama kile kidude si cha kukaangia sambusa za akina mama. Na mimi bado nimevaa aproni yenye maua. Nikapata moto wa aibu kuanzia shingoni.

"Hapana, baba," nikasema. "Ni Catherine. Mimi nilikuwa kwenye moto."

Catherine alikuwa amesimama hapo na jagi la maji ya kunawa. Alinitazama. Alinyamaza, kama alivyoahidi. Hakuwahi kutimiza ahadi vizuri namna hii.

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Basi ndafu wa Irine atachomwa na Catherine."

Elisaria akaruka kwamba tangu lini mwanamke akasimama kwenye ndafu, ukoo utasemaje. Mzee akamwambia aliyekula ni yeye mzee, si ukoo. Kisha akanigeukia.

"Na wewe wa fotokopi utambebea mkaa."

Jumapili, 16 Novemba

Ibadani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nasikia "Sifaeli" tu. Kama sekunde mbili hivi nilikuwa na jina langu mkononi.

Catherine hajakasirika, na hilo ndilo linanitisha. Baada ya chakula ameniambia yeye hataki kuchoma mbuzi na hataki kuchukua sifa isiyo yake. Akaweka simu mbele yangu. Akasema baba yake aliipenda ile nyama kuliko chochote alichokula mwaka huu, na hatajali ilipikiwa wapi. Kuna maneno matatu tu: "Ni mimi, baba." Nikiyasema sasa hivi, ndafu ni wangu, na jina ni langu.

Nikapiga. Mzee akapokea. Shikamoo baba. Marahaba. Catherine akanitikisia kichwa, akanishika bega. Midomo ilikuwa tayari imeshajikunja kusema.

Nikamuuliza mvua huko Nkoaranga inaendeleaje.

Inaendelea vizuri. Migomba imefurahi. Akaniuliza ni nani anapiga. Nikasema ni wa fotokopi, baba. Akasema ahaa, na kuniaga.

Catherine amekwenda kulala mchana huu. Lakini mimi sijalala, nimekaa hapa nafikiri, na jamani, mbona ni rahisi! Siku ya kipaimara Catherine atasimama kwenye moto, watu wamwone. Mimi nitakuwa migombani na mashine na jenereta. Mbuzi mzima haingii humo, najua, nimepima kwa rula. Lakini akikatwa vipande, akaiva kimoja kimoja, kisha akashonwa tena vizuri kwa uzi wa rangi ya nyama na majani mdomoni, nani atajua? Mzee akishaonja, nitajitokeza migombani mwenyewe, aone ni nani.

Nimemwamsha Catherine kumuuliza ile sindano ya kushonea magunia iko wapi. Hajajibu. Nadhani amekubali.